Kompyuta ya zamani, gemu mpya: piga hesabu kabla ya kulipa

"Core i5, RAM nane, hii inacheza kila kitu." Ukiingia duka lolote la kompyuta za mitumba utayasikia maneno hayo kabla hujamaliza salamu. Kama zamu yako ya likelemba imefika baada ya miezi ya kungoja, na umeshapata chumba kidogo karibu na soko pa kufungua kibanda cha gemu, maneno hayo yanatosha kukufanya ulipe. Kisha unarudi kambini, unaweka gemu mpya ya mpira ambayo vijana wote wanaiulizia, na skrini inabaki nyeusi. Au gemu inafunguka, lakini wachezaji wanakimbia kama wamezama kwenye matope. Muuzaji yuko Mbarara, Lodwar au Kasulu, nauli ya kumrudia ni pesa nyingine, na risiti yako imeandikwa "laptopu 1", basi.

Hesabu ya kujua kama mashine itaiweza gemu si ngumu, na huhitaji kuwa fundi. Unahitaji simu yenye intaneti kidogo, dakika kumi mbele ya mashine ikiwa imewashwa, na moyo wa kumwambia muuzaji asubiri.

Gemu inadai nini, mashine ina nini

Kila gemu ya kompyuta hutolewa pamoja na orodha ya mahitaji. Utaipata kwa simu kwenye ukurasa wa gemu hiyo katika duka la Steam, au kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Mara nyingi kuna safu mbili. Ya kwanza ni kiwango cha chini, yaani mashine ambayo gemu itafunguka na kuchezeka huku picha zikiwa zimepunguzwa. Ya pili ni kiwango kinachopendekezwa. Wauzaji wakikuonyesha chochote, watakuonyesha ya kwanza. Kama unacheza mwenyewe nyumbani, ya kwanza inaweza kukutosha. Kama mteja anakulipa kwa kila mechi, lenga juu yake kidogo, kwa sababu mteja aliyefungwa goli picha ikiwa imeganda hatakubali kulipa, na mwenzake atamuunga mkono.

Tuchukue mfano halisi. Gemu ya mpira ya kampuni ya EA, ile iliyoitwa FIFA kwa miaka mingi, ilibadili jina mwaka 2023 na kuwa EA Sports FC. Ile ya kwanza yenye jina hilo, FC 24, inadai kwa kiwango cha chini: Windows 10 ya biti 64, prosesa ya Intel Core i5-6600K, RAM ya GB 8, kadi ya picha ya GeForce GTX 1050 Ti yenye GB 4, DirectX 12, na GB 100 za nafasi kwenye diski.

Upande wa pili tuweke laptopu ambayo imejaa kwenye masoko ya mitumba: Lenovo ThinkPad T430, iliyotoka mwaka 2012. Ni mashine ngumu, kibodi yake ni nzuri, na vipuri vyake vinapatikana. Ndani yake mara nyingi utakuta Core i5-3320M, RAM ya GB 4 au 8, diski ya GB 320 au 500, na picha zinatengenezwa na Intel HD Graphics 4000.

Sasa linganisha. RAM ikiwa 8, imefika. Diski ya 500, imefika, mradi GB 100 ziwe tupu kweli. Prosesa ni i5 na gemu imedai i5. Hapa ndipo wengi wanapofurahi na kutoa pesa, na hapa ndipo wanapoumia.

Neno "i5" peke yake halikuambii kitu. Ni kama mtu kusema amefika darasa la sita: lazima uulize mwaka gani na shule ipi. Jibu liko kwenye tarakimu zinazofuata. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi cha prosesa: 3320 ni kizazi cha tatu, 6600 ni cha sita, 8250 ni cha nane. Zikiwa tarakimu tano kama 10210, basi ni kizazi cha kumi. Herufi ya mwisho nayo inasema. M na U zimetengenezwa kwa laptopu, na U hasa imebanwa ili isile umeme mwingi. K ni ya kompyuta ya mezani. Ile 3320M ina viini viwili vya kazi, 6600K ina vinne. Majina yanafanana, lakini mmoja ana mafundi wawili kwenye karakana na mwingine ana wanne walio wepesi zaidi.

Bado hatujafika kwenye shida yenyewe, nayo ni picha.

Kadi ya picha ndiyo inayokata shauri

Kazi kubwa ya gemu ya kisasa ni kuchora. Kila sekunde mashine inachora uwanja, nyasi, jezi na watazamaji mara 30 au 60. Kompyuta za gemu zina kadi maalumu ya kazi hiyo, yenye kumbukumbu yake yenyewe. Laptopu nyingi za mitumba zilikuwa za maofisini, na ofisi haikuhitaji kadi hiyo. Uchoraji umeachiwa sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa, isiyo na kumbukumbu yake, inayoazima kutoka kwenye RAM. Ukiona jina linaanza na "Intel HD Graphics", ujue ni hiyo.

Kuna tovuti ya PassMark inayokusanya vipimo vya kadi za picha kutoka kwa watumiaji. Kwenye kipimo chao, GTX 1050 Ti inapata alama zaidi ya 6,000. Intel HD 4000 haifiki 500. Kwa hiyo mashine yetu haijapungukiwa kidogo, imepitwa zaidi ya mara kumi. Na hata kama ungekuwa mvumilivu kiasi gani, kuna kizuizi kingine: HD 4000 inaishia DirectX 11, wakati FC 24 inataka 12. Gemu haitafunguka. Ukimwongezea fundi pesa akuwekee RAM ya GB 16, haitafunguka vilevile.

Watu wanaosafiri pamoja kwa miguu hufika kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote. Kompyuta nayo iko hivyo. Tafuta kipimo kilicho nyuma zaidi kuliko vingine vyote, hicho ndicho jibu lako, na kwenye laptopu za ofisini kipimo hicho karibu kila mara ni picha. Ubaya ni kwamba kwenye laptopu kadi ya picha haibadilishwi kama RAM. Imegandishwa kwenye ubao mkuu. Fundi akikuambia atakuongezea kadi kwenye T430, muulize ataiweka wapi.

Dakika kumi mbele ya muuzaji

Usisome kibandiko kilicho pembeni ya kibodi. Kibandiko kinanunuliwa na kubandikwa. Mwambie muuzaji awashe mashine, kisha bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kisanduku kidogo kitatokea. Andika dxdiag, bonyeza Enter. Ukurasa wa kwanza, System, utakuonyesha jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Ukurasa wa Display utakuonyesha jina la kadi ya picha. Yaandike yote kwenye simu, herufi kwa herufi, au piga picha.

Kwenye ukurasa huo wa Display kuna mtego mmoja. Utaona mstari wa "Approx. Total Memory" wenye namba kubwa, pengine zaidi ya 2,000 MB, na muuzaji atakuambia hiyo ni kadi ya GB 2. Siyo. Mstari huo unajumlisha na kumbukumbu inayoazimwa kutoka kwenye RAM. Mstari unaofuata, "Display Memory", ndio unaokaribia ukweli. Kwenye Intel HD utakuta namba ndogo tu pale.

Angalia pia kama Windows ni ya biti 64. Ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za RAM, hata ukiweka 8, na gemu nyingi za miaka kumi iliyopita hazitaki hata kuingia. Hili linarekebishika kwa kuweka Windows upya, kwa hiyo lisikutishe. Hata hivyo, kabla ya kununua mashine, jua kwamba Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Gemu mpya zinazidi kubana: FC 26 inataka hata kinga ya Secure Boot iwe imewashwa kabla haijakubali kufunguka.

Ukikuta kadi yenye jina la GeForce au Radeon, hongera, ila soma namba vizuri. Watu wengi hudhani namba kubwa ni kadi bora. Kwa GeForce za miaka ile, tarakimu za mwanzo ni kizazi, na mbili za mwisho ni daraja. Kwa hiyo GT 710, ingawa ni mpya kuliko GTX 660 Ti, ni dhaifu kuliko hiyo kwa mbali sana: 10 ni daraja la chini, 60 ni daraja la wanaocheza gemu. Laptopu yenye kadi ya daraja la 10 au 20 itakusaidia kidogo kuliko Intel HD, lakini usitegemee miujiza.

Kisha kuna kadi za bandia. Kwa wanaotaka kompyuta ya mezani, njia yenye akili ni kununua mashine ya ofisini ya mezani na kuichomekea GTX 1050 Ti, kwa sababu kadi hiyo inatumia takriban wati 75 tu na nyingi zake hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Wezi wanalijua hilo. Wanachukua kadi kuukuu, kwa mfano GTX 550 Ti, wanabadilisha maandishi yake ya ndani, na Windows yenyewe inasoma "GTX 1050 Ti". Dxdiag haitakuokoa hapo. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Iweke kwenye flashi uende nayo dukani. Tangu mwaka 2018 inatambua kadi za namna hiyo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa flashi yako isichomekwe, anaweza kuwa anaogopa virusi tu. Lakini basi mwambie aipakue mwenyewe, ni ndogo.

Kwa hiyo T430 haifai kwa gemu?

Inafaa, ukiipa kazi ya umri wake. Gemu za mpira hazikupanda uzito polepole mwaka hadi mwaka. Zilipanda kwa kuruka, na ukizijua ruka hizo utaokoa pesa nyingi.

FIFA 14 kwa kompyuta bado ilitumia mitambo ya zamani. Inaridhika na Core 2 Duo ya 1.8 GHz, RAM ya GB 2 na GB 8 za diski. Mwaka uliofuata ilibadilika: FIFA 15 inadai prosesa ya viini vinne kama Core 2 Quad Q6600, RAM ya GB 4, kadi kama GTX 650, na GB 15. FIFA 17 ikabadilishiwa mitambo tena, sasa RAM ni 8 na diski ni GB 50. Kisha tukafika kwenye FC 24 na GB 100 zake. T430 inacheza FIFA 14 bila jasho. Kwenye FIFA 15 inaanza kuhema. Juu ya hapo, mwenye kibanda asijaribu.

Upande wa Konami, PES 2017 ni zawadi kwa wenye mashine za zamani: Core 2 Duo ya 1.8 GHz, RAM ya GB 1 na GB 8 za diski kwa kiwango cha chini. Ndiyo sababu imedumu kwenye vibanda vingi mpaka leo. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni ya bure, lakini kwa kompyuta inataka RAM ya 8, kadi ya kiwango cha GTX 660 Ti na GB 50, tena inategemea intaneti hata wakati wa kucheza. Kwa mahali ambapo mtandao unakatika kila mvua inaponyesha, hilo peke yake linaiondoa kwenye orodha ya kibanda. Ichezee kwenye simu.

Na nje ya mpira? GTA San Andreas inaridhika na RAM ya MB 256, kwa hiyo karibu kompyuta yoyote inayowaka bado itaiweza. GTA V inadai Core 2 Quad, RAM ya GB 4 na kadi ya GeForce 9800 GT yenye GB 1. Kwenye HD 4000 itafunguka, kwa picha zilizopunguzwa mpaka nyuso za watu zinakuwa kama udongo, na bado itakuwa inakwamakwama.

Hapa lazima niseme jambo linalowaudhi baadhi ya mafundi wetu. Diski nyingi zinazouzwa sokoni zikiwa na jina la mwaka huu ni FIFA 14 au PES 2017 zilizobadilishwa majina, jezi na picha za wachezaji. Kazi hiyo inafanywa na vijana wenye ujuzi, na binafsi sioni ubaya wake kama mnunuzi anaambiwa. Mteja anamwona mchezaji wake akiwa kwenye timu mpya, anafurahi, na mashine haichoki. Ubaya ni kuuziwa hiyo kwa bei ya gemu mpya, au kununua laptopu kwa sababu "umeiona kwa macho ikicheza FC ya mwaka huu". Namna ya kujua ni kuuliza ukubwa. Gemu ya GB 8 au 15 haiwezi kuwa ile inayodai 100. Na diski za kunakili mkononi mara nyingi zinakuja na virusi. Usiziweke kwenye kompyuta hiyo hiyo unayotumia kufungua barua pepe au akaunti ya shule.

Kinachoweza kupunguzwa, na kisichoweza

Mashine ikikosa kidogo tu, kuna nafasi ya kuiokoa. Njia yenye nguvu kuliko zote ni kupunguza ukubwa wa picha ndani ya mipangilio ya gemu. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Ya 1280 kwa 720 ina nukta laki tisa na kidogo. Ukishuka kutoka ya kwanza hadi ya pili, umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya kazi, na kwenye skrini ndogo ya laptopu mteja haoni tofauti kubwa. Baada ya hapo zima vivuli, punguza watazamaji na nyasi. Wachezaji 22 na mpira ndivyo vinavyolipiwa.

RAM nayo ina siri yake. Kwa kuwa Intel HD inaazima kutoka humo, vipande viwili vya GB 4 vinaisaidia kuchora haraka kuliko kipande kimoja cha 8, maana inasoma njia mbili kwa wakati mmoja. T430 ina nafasi mbili. Hii ni hela ndogo, na hata usipocheza gemu, RAM hiyo itakusaidia kwenye masomo. Diski ya SSD vilevile: itafanya Windows iwake haraka na mechi ianze upesi, ila usidanganywe kwamba itaongeza kasi ya mchezo wenyewe. Nikiwa na pesa ya kitu kimoja tu kwa laptopu ya zamani, ningenunua SSD, lakini si kwa ajili ya gemu.

Kisichopunguzwa ni milango: DirectX isiyofika, Windows ya biti 32, nafasi ya diski. Hapo gemu haikwami, inakataa.

Ukishapata majina kamili, kuna uthibitisho unaoshinda hesabu zote. Ingia YouTube kwa simu, andika jina la kadi ya picha na jina la gemu, kwa mfano "HD 4000 PES 2017". Kuna watu duniani kote ambao kazi yao ni kujaribu gemu kwenye mashine za zamani na kurekodi. Tazama dakika mbili kwa ubora wa chini ili bando lisiishe. Angalia namba ya fremu kwa sekunde, ambayo huandikwa pembeni kama FPS. Ikicheza karibu na 30 bila kushukashuka, inavumilika. Kwa mpira ni vizuri ifike 60. Chini ya 25 usijisumbue. Tazama pia kama prosesa na RAM zao zinafanana na zako, maana wengine wanaficha mashine yenye nguvu nyuma ya jina la kadi dhaifu.

Bando na umeme

Tuseme mashine imefaulu yote. Bado kuna mahitaji mawili ambayo hayaandikwi kwenye ukurasa wa gemu, na kwetu ndiyo yanayoua biashara.

La kwanza ni kupakua. GB 100 kwa bando la GB 1 kwa siku ni siku mia moja. Ukipata mtandao wa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde usiokatika, hesabu inakuja zaidi ya saa 55 mfululizo. Na baada ya hapo gemu mpya huomba masasisho. Ndiyo maana gemu ya GB 8 iliyonakiliwa kutoka kwa rafiki mwenye diski halali inaonekana kama neema. Ukinunua kwenye Steam, jua kwamba wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Pesa inarudi, bando halirudi.

La pili ni umeme. Wengi wetu tunategemea sola, kwa hiyo tuhesabu. Laptopu ya ofisini ikicheza gemu tuipe wati 50. Televisheni ya kuwaonyesha wateja, wati 40. Jumla 90. Kwa saa nne za jioni ni wati-saa 360, na inveta inakula sehemu yake, kwa hiyo weka kama 420. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa tano inatoa 500 kwenye karatasi, na kiasi kinapotea njiani kutokana na joto, vumbi na waya. Umeona? Paneli moja inatosha kwa shida, na hakuna kilichobaki cha kuchaji simu za watu, ambayo pengine ndiyo iliyokuwa biashara yako ya kwanza. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku itakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600.

Badilisha sasa laptopu kwa kompyuta ya mezani yenye GTX 1050 Ti. Mashine peke yake inaweza kula wati 160 mchezo ukiwa umepamba moto. Ongeza televisheni, ni 200. Saa nne ni 800, pamoja na inveta inapita 900. Paneli moja haitoshi, na betri moja haitoshi. Ile kadi uliyoipata kwa bei nzuri imekudai paneli mbili zaidi na betri ya pili. Mwenye kibanda asiyepiga hesabu hii atalazimika kununua petroli ya jenereta, na faida yote itaishia humo.

Usijaribu kukwepa kwa kuchomoa chaja na kucheza kwa betri ya laptopu. Mashine ikiwa kwenye betri hujipunguza nguvu yenyewe, na betri ya mtumba haifiki mwisho wa mechi mbili.

Joto, na risiti

Mashine inayofaulu kwa dakika tano inaweza kushindwa kwa dakika ishirini. Laptopu ya miaka kumi imejaa vumbi kwenye feni, na ile krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma imekauka. Prosesa ikipata joto kali inajipunguza kasi ili isiungue, na gemu iliyokuwa laini inaanza kukwama kipindi cha pili. Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na gemu yako kwenye flashi au diski ya nje, omba iwekwe, na uicheze dakika ishirini chaja ikiwa imechomekwa. Weka mkono pembeni inapotoka hewa. Hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni dalili nzuri. Moto bila hewa ni feni iliyoziba au iliyokufa. Fundi wa kambini anaweza kusafisha na kubadilisha krimu kwa saa moja, lakini gharama hiyo iondolewe kwenye bei ya muuzaji.

Kabla ya kutoa pesa, mwombe aandike kwenye risiti maneno yale yale uliyoyasoma kwenye dxdiag: jina la prosesa lote hadi herufi ya mwisho, RAM, jina la kadi ya picha, ukubwa na aina ya diski, namba ya siri iliyo chini ya mashine, na siku ngapi anakubali irudishwe. Ukiona anaandika "i5" na kufunga kitabu, mrudishie kalamu.